Kumwingiza samaki mpya kwenye tangi la maji chumvi: kutoka dukani hadi kwenye mawe

Kila wiki naulizwa swali lile lile. "Nilinunua samaki Jumamosi akiwa mzima kabisa, Jumatatu nimemkuta amelala chini." Au lililo baya zaidi: "Nimetia samaki mmoja tu mpya, sasa wote wanakufa." Wanaouliza si wazembe. Matangi yao yana mwaka au miaka miwili, maji safi, matumbawe yanakua. Walikosea saa chache tu kati ya duka na nyumbani, au waliruka wiki nne ambazo hakuna aliyewaambia kwamba ni za lazima.

Wiki hizo nne ni za karantini, yaani kumweka mgeni peke yake kwenye tangi dogo kabla hajakutana na wenzake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Yanayobaki ni adabu za kumpokea mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndani ya tangi, mgeni asiyepita karantini huja na mwenyeji akaugua.

Nilijifunza hili kwa kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni la manjano, ambaye yumo kwenye miamba yetu ya pwani. Nilimtia tangini siku ile ile niliyomnunua. Alfajiri ya siku ya sita nilimmulika kwa tochi nikaona mapezi yake kama yamenyunyiziwa chumvi ya mezani. Siku ya tisa chembe zilitoweka, nikamshukuru Mungu. Siku ya kumi na sita zilirudi, safari hii kwa samaki wote. Kati ya saba nilizika watano, wakiwamo samaki klauni wawili niliokuwa nimekaa nao miaka minne.

Kidudu kilichowaua kinaitwa Cryptocaryon irritans. Hukaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki kwa siku chache, kisha hujidondosha, hujijengea ganda juu ya jiwe au mchanga, na humo hujigawa. Ganda likipasuka hutoka vidudu vipya kwa mamia kutafuta samaki. Maganda mengi hupasuka ndani ya wiki chache, lakini yapo yaliyochukua hadi siku 72. Kwa hiyo chembe zikitoweka usidhani samaki amepona. Vidudu vimeshuka chini kuzaana.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa pesa

- Tangi la karantini la lita 60 hadi 100, tupu, bila mchanga wala mawe. Beseni kubwa jipya la plastiki linafaa pia.
- Sponji ya chujio iliyokaa ndani ya tangi kubwa kwa wiki nne au zaidi, ili iwe imeshaota bakteria wanaokula amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki.
- Pampu ya hewa ya stima, na nyingine ya betri kwa siku stima itakapopotea.
- Vipande vitatu vinne vya bomba la plastiki, vipana kiasi cha samaki kujificha ndani.
- Rifraktomita ya kupimia chumvi. Haidromita ya mshale ni rahisi, lakini hudanganya mara nyingi.
- Vipimo vya amonia, nitriti na nitrati, na kipimajoto.
- Kikapu au kisanduku cha plastiki chenye matundu, kinachoweza kuning'inia ndani ya tangi kubwa.
- Ndoo mbili, bakuli na taulo ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Kifuniko cha wavu kwa matangi yote mawili.
- Maji chumvi yaliyo tayari, angalau nusu ya ujazo wa tangi la karantini.

Hita inategemea unapoishi. Nairobi huwezi kuikwepa, hasa usiku wa Julai. Mombasa na Dar es Salaam shida huwa ni joto kupita kiasi, na wengi tunapuliza uso wa maji kwa feni. Kumbuka kwamba feni hukausha maji lakini chumvi inabaki. Kinachopungua kifidiwe kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, kamwe si kwa maji chumvi.

Ukitumia maji ya bahari yenyewe, yachote wakati maji yamejaa, ikiwezekana siku za bamvua, mbali na mdomo wa mto na mbali na gati. Wakati wa masika acha kabisa. Maji ya mto hushusha chumvi ya pwani na kuleta tope na kila kilichooshwa mitaani.

Hatua kwa hatua

1. Pima tangi kubwa kwanza. Amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Kama uliongeza samaki ndani ya wiki nne zilizopita, subiri. Bakteria wa tangi wameongezeka kwa kadiri ya uchafu waliouzoea. Ukiwaletea samaki watatu kwa mpigo watachelewa, na amonia itapanda.

2. Chagua samaki kwa kuwaangalia wenyeji. Samaki humpiga zaidi yule anayefanana naye kwa umbo, rangi na chakula. Kangaja wawili wa umbo moja kwenye tangi la lita 300 ni vita. Wapole waingie mwanzo, wababe mwisho. Ukishatia mbabe, kila atakayemfuata ataingia kwenye mtaa wenye mwenyewe.

3. Tayarisha karantini kabla ya kwenda dukani. Jaza maji, weka sponji, washa hewa, weka nyuzi joto 25 au 26. Acha lifanye kazi siku mbili tatu uone kwamba hakuna kinachovuja wala kuzima.

4. Dukani, omba samaki alishwe ukimwona. "Samahani kaka, hebu mlishe kidogo nimwone." Muuzaji mwema hakatai. Samaki asiyekula dukani hatakula kwako, kwa sababu kwako ana hofu mara mbili. Tazama matamvua: yakipiga haraka kuliko ya wenzake, mwache. Tazama tumbo nyuma ya kichwa: likiwa limebonyea, amekaa na njaa siku nyingi. Tazama pia wale walio kwenye maji yale yale, kwa sababu maradhi yao ni maradhi yake.

Uliza mambo matatu: amekaa dukani siku ngapi, chumvi ya maji ni kiasi gani, na je, kuna dawa ya shaba ndani ya maji. Jibu la swali la pili liandike. Tutalihitaji.

Pwani yetu yenyewe ina wavuvi wa samaki wa mapambo, na Kenya husafirisha samaki hawa nje ya nchi. Kazi hiyo inataka leseni, na ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite hairuhusiwi kuvua chochote. Usimnunue samaki wa mtu asiyeweza kukuambia alikomtoa, na usijichotee mwenyewe kwa kuwa tu umemwona kwenye dimbwi maji yakiwa yamekupwa.

5. Msafirishe gizani na penye ubaridi. Mfuko uingie kwenye kasha la barafu lisilo na barafu, au uviringwe taulo. Usimwache kwenye gari lililosimama juani hata kwa dakika kumi za kununua mkate. Maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo, na mle ndani hewa ni ile ile aliyofungiwa.

6. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa. Uweke uelee kwenye tangi la karantini, taa zikiwa zimezimwa, dakika 15 hadi 20. Usiufungue.

7. Sawazisha chumvi, lakini si kwa namna wengi wanavyofundishwa. Hapa ndipo samaki wengi hufia mikononi mwa watu wenye nia njema, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Samaki akiwa mfukoni anapumua, na kaboni dayoksaidi inajaa majini na kuyafanya yawe na asidi zaidi. Wakati huo huo anatoa amonia. Katika maji ya namna hiyo amonia nyingi hugeuka kuwa amoniamu, ambayo haina madhara makubwa. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoroka, asidi inapungua, na ile amoniamu inarudi kuwa amonia yenye sumu. Sasa fikiria mtu aliyefungua mfuko wa samaki aliyesafiri kwa muda wa saa kumi, akamweka kwenye ndoo na kumdondoshea maji tone kwa tone kwa saa mbili, akiamini anamfanyia wema. Muda wote huo samaki anaungua matamvua.

Njia salama ni kugeuza mambo. Badala ya kumzoesha samaki maji yako, yafanye maji ya karantini yafanane na ya duka. Maduka mengi huweka chumvi chini kidogo, tuseme 1.020 kwenye rifraktomita (yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), ilhali tangi lako lina 1.025. Lile jibu uliloandika linafanya kazi sasa: weka karantini 1.020 kabla samaki hajafika. Ukishafungua mfuko, pima maji yake kwa tone moja la rifraktomita. Tofauti ikiwa 0.001 au 0.002, mhamishe papo hapo. Ikizidi hapo, rekebisha maji ya karantini haraka, kisha mhamishe.

Kuanzia siku ya tatu, pandisha chumvi polepole, 0.001 kwa siku, hadi ifikie ya tangi kubwa. Kumbuka upande upi ni hatari: samaki huvumilia kushushwa chumvi kuliko kupandishwa ghafla.

Kama amesafiri dakika 30 tu kutoka duka la mtaani, hakuna amonia ya kutisha mfukoni, na kumdondoshea maji nusu saa hakutamdhuru. Hata hivyo njia niliyoeleza ni bora kwa wote.

8. Mhamishe samaki, maji ya mfuko yamwage. Mimina taratibu juu ya ndoo, ukimkinga kwa bakuli au kiganja kilicholowa. Wavu hunasa miiba na kuchubua ngozi. Kangaja ana wembe kila upande wa mkia, usimkamate kwa mkono mtupu. Tasi na chale wana miiba yenye sumu, hao uwachote kwa bakuli tu. Ukichomwa, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Maji ya duka hayaingii kwenye tangi lolote. Hata kijiko.

9. Mwache gizani hadi kesho. Usimulike, usiwaite watoto waje kuona, usimlishe. Asubuhi washa taa ya chumba tu, mpe chakula kidogo. Asipokula siku ya kwanza ni kawaida.

10. Wiki nne za karantini. Hesabu ianze siku anayokula vizuri, si siku aliyofika. Pima amonia kila siku wiki ya kwanza. Ikionekana, badilisha robo au theluthi ya maji yenye chumvi na joto lile lile. Toa mabaki ya chakula baada ya dakika tano. Mmulike kwa tochi kutoka ubavuni kila asubuhi, kabla hujawasha taa, kwa maana chembe huonekana vizuri kwa mwanga wa pembeni.

Akionyesha dalili, tiba hufanyika humu humu, na hesabu ya siku inaanza upya baada ya tiba. Dawa ya shaba huua vidudu visivyo na ganda vinavyoogelea majini, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe, na mawe na mchanga huinyonya. Ndiyo sababu karantini iwe tupu, na ndiyo sababu dawa hii haiingii kamwe kwenye tangi kubwa. Fuata kipimo cha chupa yako, pima shaba kila siku kwa kipimo kinachoendana na aina ya dawa hiyo, na usiichanganye na dawa ya kupunguza amonia.

Vyombo vya karantini visivuke kwenda tangi kubwa. Mkono uliolowa karantini uoshwe na kukauka kabla ya kuingia kwingine. Wapo waliovumilia wiki tatu, wakaja kuharibu kwa wavu mmoja.

11. Andaa wenyeji. Siku ya kumhamisha, pima tena maji yote mawili yawe sawa kwa joto na chumvi. Jioni, washibishe wenyeji. Ikiwa yuko mbabe, hamisha mawe mawili matatu ili kila mtu aanze kutafuta pake upya. Kisha zima taa.

12. Mgeni akae kikapuni kwanza. Mtie kwenye kikapu chenye matundu kinachoning'inia ndani ya tangi kubwa, na kipande cha bomba ndani yake. Anawaona wenyeji, nao wanamwona na kumnusa, lakini hawamfikii. Mlishe humo. Siku ya kwanza mbabe atajigonga kwenye kikapu, ya pili atapita akitupa jicho, ya tatu kwa kawaida amechoka. Akiendelea na hasira, ongeza siku. Mimi nimewahi kumweka kitatange kikapuni siku tisa, na siku ya kumi alipotoka hakuna aliyemjali.

13. Mfungulie taa zikizimwa. Laza kikapu, ondoka. Usimsukume atoke. Funika tangi kwa wavu, kwa sababu usiku wa kwanza ndio samaki wengi huruka nje na kukutwa asubuhi sakafuni. Kesho yake, kabla ya kufanya lolote, kaa kitini dakika kumi utazame.

Mambo yakienda mrama

*Hali chakula siku ya tatu.* Jaribu kamba wadogo waliogandishwa, baada ya kuwayeyusha kwenye maji ya tangi. Kangaja na tasi wape mwani mkavu uliofungwa kwenye jiwe dogo, maana porini wao hushinda wakikwangua mawe. Punguza mwanga, ongeza sehemu za kujificha. Siku ya tano bila kula, pima upya kila kitu na mpigie muuzaji umuulize alikuwa akimlisha nini hasa.

*Anapumua haraka.* Kwanza ongeza hewa, kisha pima amonia. Kama maji ni safi na bado anahema karibu na mkondo wa pampu, shuku matamvua yameshambuliwa. Kuna kidudu kingine, Amyloodinium ocellatum, kinachoua ndani ya siku chache, pengine kabla hujaona alama yoyote isipokuwa vumbi laini la rangi ya dhahabu kwenye ngozi. Kwa huyu usisubiri kesho. Anza tiba leo.

*Chembe nyeupe zimeonekana kwenye tangi kubwa.* Toa samaki wote, si mgonjwa peke yake, uwatibu karantini. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Kamba, konokono na matumbawe wabaki, kidudu hiki hakiwashiki. Ni muda mrefu na inauma kutazama maji matupu, najua. Mimi niliwawekea chakula kidogo kamba wangu kila jioni na kuweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Atakayekuuzia dawa ya "salama kwa matumbawe" itakayomaliza shida ndani ya wiki moja, kumbuka lile ganda la siku 72.

*Mwenyeji hamwachi apumue.* Kufukuzana siku mbili za mwanzo ni kawaida. Mapezi yakichanika, au mgeni akibaki kona ya juu bila kushuka kula, mrudishe kikapuni. Safari ya pili mtoe mbabe badala yake, umfungie yeye kikapuni siku nne, mgeni azunguke mawe akiwa huru. Kioo cha kujitazamia kilichobandikwa nje ya tangi husaidia pia: kangaja hushughulika na yule anayemwona mle, akamsahau mgeni.

*Mgeni haonekani kabisa.* Usifukue mawe. Pima amonia, angalia sakafuni na nyuma ya kabati, kisha mulika usiku. Wengine hujificha wiki nzima. Amonia ikianza kupanda huku hujamwona, hapo ndipo utoe mawe moja moja umtafute, na badilisha maji siku hiyo hiyo.

*Stima imepotea usiku.* Pampu ya betri ianze na karantini, kwa kuwa maji yake ni kidogo na yataishiwa oksijeni mapema. Kwenye tangi kubwa, kila robo saa chota maji kwa bakuli na uyamwage kutoka juu. Usilishe mpaka stima irudi na pampu zote ziwe zimezunguka angalau saa moja.